Mshale Usio na Mtenda

Nimeyasikia tena maneno yale yale: Kiswahili ni lugha ya mapenzi na nasaha, ama fizikia iachiwe Kiingereza. Safari hii msemaji ni mshairi, na hilo ndilo lililoniuma.

Nimesomesha skuli za sekondari hapa Unguja, kisha chuo cha ualimu. Swali moja limenifunza mengi kuhusu lugha. Gogo la kilo 6 limelazwa juu ya ubao ulioinama nyuzi 30, uliolainishwa hata msuguano usihesabiwe. Limefungwa kamba, kamba imepitishwa juu ya gofia, na upande wa pili linaning'inia jiwe la kilo 4. Chora kani zote.

Mwanafunzi wangu mmoja, aliyelisoma swali kwa Kiingereza, alilichorea gogo mshale wa kamba, kisha akaongeza wa pili, akauita "kani ya mwendo". Nikamwuliza kwa Kiswahili: gogo linavutwa na nini? "Na kamba." Na mshale huu wa pili, mtenda wake nani? Akanyamaza, akaufuta. Hakuwa mjinga. Hakuna aliyewahi kumtaka aseme sentensi nzima.

Kila mshale ni sentensi, na kitenzi chetu cha kutendwa humdai mtenda wake. Gogo linavutwa na dunia, linasukumwa na ubao, linavutwa na kamba: mishale mitatu. Jiwe linavutwa na dunia na kamba: miwili, basi.

Wengi huandika kwamba kamba inalivuta jiwe kwa nyutoni 40, sawa na uzito wake. Ingekuwa hivyo, jiwe lingezidishaje kasi likishuka? Dunia inalivuta jiwe kwa 40, na inalivuta gogo kuteremka ubao kwa 30. Zinabaki 10 za kuchapusha kilo 10, yaani mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde. Kamba inavuta kwa 36.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilipeleka hisabati na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano. Wanaoitetea hutwambia istilahi hazipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990!

Sikatai kwamba kazi ipo. Madarasani "mvutano" tumeutwika dunia na kamba kwa pamoja, na mtoto huchanganya mishale. Wengine huandika "puli", ilhali mabaharia wetu wakipandisha tanga wanayo gofia tangu hapo. (Waundaji istilahi wangeshuka pwani ya Nungwi asubuhi moja tu.)

Nanyi mnaopima mizani nane kwa nane, mkakataa silabi moja izidi, ndio hasa ninaowataka. Kani ya kamba mimi nimekuwa nikiiita "mkazo". Mwenye neno bora alilete.