Kuku Kiwete Asikimbiliwe na Kisu
Jirani zangu hapa Tanga wananishangaa: ya nini kumlisha kuku kiwete asiyetaga? Nampenda, basi. Tetea wangu alianguliwa miguu imetanuka. Nilimfunga kitambaa laini, mguu kwa mguu, nikamtandikia gunia badala ya gazeti, maana kifaranga akiteleza miguu huzidi kupanuka. Sasa anachechemea. Maji namwekea karibu, kifua namkagua asipate vidonda, na majogoo siwaachi wamsogelee.

Wafugaji wenzangu, chunguzeni kwanza. Vidole vilivyojikunja huweza kuwa upungufu wa vitamini B2, nao ukiwahiwa hutibika. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma? Huenda ni ugonjwa wa Marek. Hauna tiba, ila vifaranga huchanjwa wakiwa na siku 1. Mwiteni mtaalamu wa mifugo kabla ya mchinjaji.