Butembo–Beni: Mtoto analipa minervali kwa miguu yake. Siku mguu unavunjika, nani atalipa?

Kila mwaka mwezi wa nane, kabla shule hazijafunguliwa, kuna watu wanazunguka kwenye viwanja vya vumbi vya Beni, Oicha na Butembo wakitafuta vijana wanaojua mpira. Mwingine ni antrenera, mwingine ni mwanafunzi wa zamani, mwingine ni mfanyabiashara tu ambaye hapendi kuona shule aliyosoma inafungwa. Wakimpata kijana, wanamfuata mzazi wake nyumbani. Maneno ni yale yale: mtupe huyu mtoto, atasoma bure, atalala interna, atakula, ninyi mtaleta tu godoro na kidumu cha maji.

Mimi nilichukuliwa namna hiyo. Tulikuwa tumekimbia kijiji chetu upande wa Oicha baada ya mauaji yaliyoanza mwezi wa kumi 2014, na papa alikuwa na shamba la kakao ambalo hakuthubutu tena kulikanyaga. Mtu wa Beni anajua maana yake. Kakao ndiyo minervali, ndiyo dawa, ndiyo mabati ya nyumba. Kwa hiyo mgeni aliposema "atasoma bure", papa hakuuliza swali hata moja. Hakukuwa na karatasi. Walipeana mkono, mama akaleta chai, na kesho yake nikapanda gari kwenda Butembo.

Sitaki mtu asome maneno haya na kufikiri kwamba nachukia interna. Bila mpira nisingemaliza sekondari, ni hivyo tu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ni bure, na tangu mwezi wa tisa 2019 serikali ilianza kuitekeleza. Lakini sekondari wazazi wanaendelea kulipa, na mzazi aliyepoteza shamba hana cha kulipa. Kuna vijana wengi kwetu ambao mlango wa sekondari ulifunguliwa kwao kwa goli moja walilofunga mbele ya mtu aliyekuwa anapita.

Tena nilipata ndugu. Bweni letu lilikuwa na vitanda vya juu na vya chini, na usiku ulisikia Kinande cha Lubero, Kiswahili cha Bunia na Lingala ya mtoto wa askari, wote wakibishana juu ya Nyuki na Socozaki. Sisi wa Beni tuliongeza Capaco ili mabishano yasiishe. Baridi ya Butembo ilitutesa sana wiki za kwanza. Saa kumi na moja asubuhi unaamshwa, maji ni kama yametoka kwenye barafu, na wale wazaliwa wa mlimani wanakucheka. Chakula kilikuwa bugali na maharagi, maharagi na bugali. Siku ya mechi kulikuwa na nyama, na wenzetu wasiocheza walituangalia vibaya, na walikuwa na haki.

Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, tulikuwa tunanawa mikono na maji ya klori kabla ya kuingia darasani, kabla ya kula, kabla ya kila kitu. Ukifunga goli, wenzako wanakusalimu kwa kiwiko. Nilimkumbatia mtu mara moja kwa kujisahau na antrenera akanitoa kiwanjani. Leo nacheka, siku ile sikucheka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mchezaji wa shule alikuwa mwanafunzi kwa jina. Mwezi wa mashindano tulitolewa darasani saa nne asubuhi kwenda mazoezi. Jioni, wakati wa etudi, mwili ulikuwa umechoka na tulilala juu ya madaftari. Msimamizi alituacha, maana kesho kulikuwa na mechi. Hesabu na fizikia zilinipita hivyo, wiki kwa wiki. Bultini ilipotoka, nilikuta nina pointi ambazo sikuzitafuta. Kila mchezaji alizikuta. Hakuna aliyelalamika, nani atalalamikia pointi? Lakini pointi za huruma zinabaki kwenye bultini, haziendi na wewe kwenye chumba cha egzeta. Pale unakaa peke yako na karatasi iliyotoka Kinshasa, na karatasi ile haijui kwamba ulifunga goli mbili katika nusu fainali. Nilianguka. Nilipata diploma ya serikali mara ya pili, kama otodidakti, nikisoma usiku kwa taa ya simu na mchana nikibeba mifuko ya saruji.

Hata hivyo mimi ni yule aliyebahatika. Mwenzangu aliyelala kitanda cha juu yangu, beki mzuri kuliko wote niliocheza nao, alivunjika goti katika mwaka wa tano. Ilikuwa mechi ya kirafiki, siyo hata mashindano. Tulimpakia kwenye moto, mimi nyuma nikimshika, motari akikwepa mashimo mpaka hospitali. Wiki mbili tulimwombea kila asubuhi kwenye msitari. Katika muhula wa tatu, mkubwa mmoja akasimama mbele yetu akasoma majina ya wasiolipa minervali. Jina lake lilikuwamo. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza kwa fimbo. Jina lilisomwa tu, na yeye akakunja godoro lake.

Mama yake alinikuta baadaye kwenye soko la Beni. Aliniambia: "Mwanangu, walisema mtoto atasoma bure. Kumbe ni goti lake walilichukua shuleni." Sikuwa na jibu la kumpa. Leo yule rafiki ni kadafi, anauza mafuta ya chupa kando ya barabara, na anachechemea. Hana diploma.

Kumrudisha nyumbani mtoto wa Oicha ao wa Eringeti si sawa na kumrudisha mtoto wa Katwa anayefika kwao kwa miguu. Unamrudisha kwenye barabara ambayo watu wanauawa, kwenye kijiji ambacho pengine hakina tena mtu. Na wazazi wetu wanajua kwamba hata shule yenyewe haina ulinzi wa hakika. Tarehe 16 mwezi wa sita 2023, kule Mpondwe, Uganda, ng'ambo tu ya Kasindi, waasi wa ADF waliingia usiku katika shule ya sekondari ya Lhubiriha na kuua wanafunzi 37; wavulana walichomewa ndani ya bweni. Mzazi anayesikia habari kama hiyo na bado anakupa mtoto wake alale kwako, amekupa kitu kikubwa kuliko minervali. Tangu Kanyabayonga ianguke mwezi wa sita 2024, Butembo imepokea pia watu waliokimbia kutoka kusini mwa Lubero. Watoto wenye miguu mizuri na wazazi wasio na kitu wameongezeka, na wale wanaozunguka kwenye viwanja wanalijua hilo.

Najua jibu la prefe, maana nimelisikia mara nyingi. Shule haina pesa. Walimu wameishi miaka mingi kwa prime inayotoka mifukoni mwa wazazi, kwa hiyo kitanda cha mtoto asiyelipa kinalipwa na wazazi wengine. Ni kweli, na ni jibu la heshima. Lakini hesabu ile haijakamilika. Shule ikileta kombe, mwezi wa tisa unaofuata wazazi wanapanga foleni kuandikisha watoto wao, na hao wanalipa. Kombe ni tangazo, na waliolifanya ni watoto wa bweni. Beki wangu alikuwa amelipa minervali yake mpaka mwaka wa sita, tena na ziada, kabla goti halijavunjika. Na kama kweli vitanda havitoshi, basi shule ichukue vijana watatu badala ya kumi, na hao watatu iwashike mpaka mwisho.

Mtu ataniambia kwamba michezo na masomo haviendi pamoja. Dikembe Mutombo, Mungu amrehemu, alisoma Boboto kule Kinshasa, na mwaka 1987 akaenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, kwa msaada wa masomo, akitaka kuwa muganga. Pale akacheza mpira wa kikapu wa chuo. Kocha wake, John Thompson, alikuwa na mpira usio na upepo ofisini kwake. Wachezaji walipoingia waliuona, ili wakumbuke kwamba siku moja mpira unaisha upepo na mtu anabaki na kile alichosoma. Mutombo alipata diploma yake ya chuo mwaka 1991, halafu ndiyo akaingia NBA. Sisi Wakongo tunasifu urefu wake na kile kidole alichotikisa, lakini ile diploma hatuitaji.

Na karibu zaidi, kule Iten, Kenya, shule ya St. Patrick's ni interna ya wavulana iliyotoa mabingwa wa dunia. Kocha wao mkubwa, Bruda Colm O'Connell, alifika pale mwaka 1976 kufundisha jiografia. Mwalimu wa darasani ndiye aliyekuwa kocha, na kocha wa namna hiyo anajua kijana wake hajaelewa somo gani. Kwetu mara nyingi antrenera anatoka mjini saa tisa, anapiga filimbi na kurudi mjini.

Ninachoomba si kikubwa. Ninaomba karatasi. Mtoto akichukuliwa kwa ajili ya mpira, prefe, mzazi na komite ya wazazi watie sahihi kwamba shule itambeba mpaka egzeta, hata akivunjika, hata akipoteza mchezo wake, hata antrenera akibadilika. Matibabu ya jeraha la kiwanjani yawe juu ya shule. Katika mwaka wa mwisho, kuanzia pale mitihani ya kwanza ya egzeta inapokaribia, asitolewe tena darasani kwa ajili ya mechi. Nakala moja iende sudivizio ya elimu, na shule isiyokuwa na karatasi za wachezaji wake isiingizwe kwenye mashindano ya shule. Wale wanaopanga mashindano tayari wanaomba karatasi za kuonyesha umri wa kila mchezaji. Kuomba karatasi moja zaidi hakuwezi kuwashinda.

Na wazazi, samahani nikiwasema. Papa wangu hakuuliza swali kwa sababu aliogopa mgeni atabadili mawazo na kwenda kwa jirani. Naelewa woga ule. Lakini waulizeni: akivunjika? Waulizeni huku chai bado iko mezani.

Mwezi wa nane uliopita antrenera mmoja wa Butembo alinipigia simu. Alisikia kwamba naishi Beni na kwamba bado naangalia vijana siku ya Mungu. Alitaka beki wa kushoto, asizidi miaka kumi na sita. Nilimwambia ninaye mmoja, mtoto wa watu waliokimbia Mbau, anasoma vizuri pia, na kwamba nitamleta siku prefe atakapokubali kutia sahihi. Akasema atamuuliza. Hajanipigia tena.