Mlango wa Simu Usiachwe Wazi

Katika afisi nyingi za zama hizi simu haipiti tena katika waya wa shaba, bali hupita katika seva ndogo iliyotiwa kabatini, na aghalabu seva hiyo huendeshwa na Asterisk, programu ya bure aliyoianzisha Mark Spencer huko Marekani mwaka 1999, ambayo imempa mwenye mtaji haba mtambo wa simu uliokuwa zamani milki ya serikali na makampuni makubwa. Neema hiyo siikanushi.

Lakini mtambo huo hubishiwa hodi katika mlango nambari 5060, ambako simu hupatana. Ama sauti zenyewe hupita katika milango mingine mingi, ambayo katika mipangilio ya mfano ya Asterisk huanzia 10000 hata 20000. Fundi asiyezingatia tofauti hii hufunga milango ya sauti, simu ikalia na kupokewa, kisha mmoja akasikika na mwenzake asisikike. Na akichoshwa na malalamiko, huifungua yote kwa walimwengu wote, akaenda zake. Fundi wetu alifanya hivyo hivyo, nasi tukamshukuru, maana sauti zilikuwa safi ajabu, hadi ilipotufikia hesabu ya simu zilizopigwa usiku wa Jumamosi, afisi ikiwa imefungwa, kwenda nchi ambazo hakuna hata mmoja wetu mwenye jamaa huko.

Wezi waliopiga simu hizo hawakutujua wala hawakuhitaji kutujua. Programu zao huzunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu kila anwani, na zikiona seva inaitika, hubahatisha nambari ya ndani 100 kwa nywila 100, ambayo, kwa fedheha yetu, ndiyo tuliyokuwa nayo. Kisha hupiga nambari za ng'ambo zenye malipo makubwa, ambazo sehemu ya malipo yake huwarudia wao. Na kampuni ya simu hudai haki yake kwa mwenye seva, kwani kwake ndiko simu zilikotoka.

Wako wanaoshauri kuibadili nambari 5060 kwa nyingine, ambayo ni sawa na kuuhamishia mlango uani. Wengine hutegemea Fail2ban, programu isomayo daftari la matukio na kumfungia nje aliyekosea nywila mara kadhaa. Nayo ni njema, ila humngoja mwizi afike kwanza, na mwenye anwani mia hukosea mara mia. Rai yangu ni kwamba kanuni ya asili iwe kukataa wote, kisha waruhusiwe wanaojulikana kwa anwani zao: kampuni inayotuuzia laini na matawi yetu wenyewe, na msafiri apitie VPN, yaani njia ya faragha ya kuingilia mtandao wetu. Na mpangilio uangaliwe, kwa sababu iptables, programu ya Linux ya kulinda milango hiyo, huzisoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kuifuata ya kwanza inayolingana, hata ruhusa moja ya jumla ikikaa juu, makatazo yote yaliyo chini yake huwa bure.

Wewe mwenye afisi, mwite fundi wako kesho umwulize ni anwani zipi zinazoruhusiwa kuufikia mlango 5060. Akikujibu kuwa ni zote, usimlipe mpaka airudie kazi.