Sanduku Likiwa Wazi, Uliza Nani Alilifungua

Ikiwa kabatini mwako bado mna kanda za video za zamani, za arusi, ubatizo au mazishi, makala haya yanakuhusu. Na ikiwa kijana wako amekuonyesha kwenye simu deki ya kuzichezea kanda hizo, inayouzwa kwa bei iliyopunguzwa kwa kuwa "sanduku tu ndilo lililofunguliwa", tafadhali usitume pesa kabla hujamaliza kusoma.

Mimi nilituma.

Kitinda mimba wangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo kikuu, ana jina la mamangu mzazi. Hawakuwahi kuonana, maana mama alifariki mwaka wa 1997. Sauti ya mama ilibaki mahali pamoja tu: katika kanda ya arusi yetu ya mwaka wa 1994. Deki yetu iliharibika zamani, tukaitupa, na kanda ikabaki kabatini kama barua isiyo na wa kuisoma.

"Baba, nimepata deki," binti yangu aliniambia jioni moja. "Ilikuwa Sh14,000, sasa ni Sh9,000."

"Mbona wamepunguza?" mamake akauliza kutoka jikoni.

Nikamjibu kwamba ni sanduku tu lililofunguliwa, mali yenyewe ni mpya. Akanyamaza. Wanaume wenzangu, wake zetu wakinyamaza namna hiyo tujihadhari.

Deki ililetwa na kijana wa bodaboda, safi, inang'aa. Tuliiunganisha, taa ikawaka, nami bila kusubiri nikatia ile kanda ya arusi. Mama akatokea, leso mabegani, akasimama kutupa wosia. "Wanangu..." akasema. Hapo picha ikavunjika, deki ikanguruma kama kinu cha posho, kisha kimya. Ilikuwa imetafuna kanda.

Fundi mmoja wa Luthuli Avenue aliifungua, akatoa kanda polepole, akakata sehemu iliyochanika na kuunga iliyobaki. Kisha akatuonyesha kipande kingine cheusi kilichokuwa kimejiviringisha kwenye gurudumu la mpira. "Hiki si chenu," akasema.

Basi nikaelewa. Kulikuwa na mteja mwingine kabla yetu. Deki ilitafuna kanda yake, akairudisha, muuzaji akaipangusa vumbi na kuitangaza upya. Nilipompigia simu, alinijibu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Sasa tujifunze. Sanduku lililofunguliwa laweza kuwa na maana tatu. Huenda chombo kiliwekwa dukani kionekane na wateja. Huenda mnunuzi alibadili nia, akakirudisha kabla ya kukitumia. Au huenda kilirudishwa kwa sababu ni kibovu. Vyote vitatu hutangazwa kwa maneno yale yale na bei huweza kulingana. Bila kuuliza, unanunua mbuzi kwenye gunia.

Kwa deki, hatari ni kubwa zaidi. Kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo ya mwisho kujulikana kuunda deki za kanda za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi wa Julai 2016. Kwa hiyo hata deki inayoitwa mpya imekaa ghalani miaka mingi. Mikanda na magurudumu yake ya mpira hukauka au kulegea, na grisi huganda kama gundi, hata ikiwa haijachezeshwa siku moja. Kung'aa kwa nje si hoja.

Kwanza, muulize muuzaji ni nani aliyefungua sanduku na kwa nini, na akujibu kwa maandishi. Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji wa bidhaa, ya mwaka wa 2012, inayagusa hata mapatano ya kwenye intaneti. Muuzaji anatakiwa akupe maelezo yanayohitajika kabla hamjapatana, nawe upewe nafasi ya kukubali au kukataa. Hifadhi tangazo lake, majibu yake na ujumbe wa malipo.

Pili, omba picha ya nyuma ya deki, pale penye maandishi madogo. Umeme wetu ni volti 240. Deki iliyoundiwa Marekani hutaka volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja ukutani utaiunguza. Isitoshe, hutumia mtindo wa picha wa NTSC, ilhali kanda zilizorekodiwa huku kwa kawaida ni za PAL. Angalia pia kama televisheni yako ina matundu ya nyaya za deki, kwani nyingi za siku hizi hazinayo.

Tatu, mwambie akurekodie kwa simu deki hiyo ikicheza kanda, ikiipeleka mbele, ikiirudisha nyuma na kuitoa. Deki nyingi hutafuna kanda wakati wa kuitoa. Uliza pia kuhusu rimoti na nyaya.

Nne, ukiweza, lipa baada ya kuijaribu. Na hili ndilo ninalokuomba ulishike kuliko yote: jaribu kwa kanda usiyoijali, filamu ya zamani isiyo na mwenyewe, kwa saa nzima. Vunja kile kijisahani cha plastiki mgongoni mwa kanda yako ya thamani ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ukiona ukungu mweupe ndani yake, kama inavyotokea penye unyevunyevu mwingi, usiitie katika deki kabisa. Mpelekee fundi.

Mwisho, jiulize kama kweli unahitaji deki. Kama una kanda mbili tatu, huenda ikawa rahisi kumlipa fundi akuhamishie picha kwenye flash disk nawe umekaa hapo hapo ukingoja. Kisha fanya nakala mbili, moja ikae kwa ndugu yako. Deki utapata nyingine, lakini kanda ya aina hiyo haiuzwi popote.

Sisi tumehamisha kilichobaki. Mama anasimama, anasema "Wanangu...", na papo hapo watu wanakata keki. Binti yangu aliuliza nyanyake alisema nini baada ya hapo. Mimi nilikumbuka nusu, mke wangu akakumbuka nusu nyingine, naye akaandika yote katika daftari. Wewe usingoje mpaka ulazimike kuandika. Itazame kanda yako leo, kisha uulize maswali kabla ya kununua.