Anayeitangaza Kibaha aanzie kiwandani

MJI NA WATU
Na Mwanaidi Kitwana

Jumamosi asubuhi Barabara ya Morogoro huwa na msafara wake. Ni Coaster na Noah zilizopakia wateja wa viwanja, zinatoka Ubungo na Mbezi kuelekea Kibaha. Dalali kakaa kiti cha mbele na mchoro wa upimaji mapajani, na maneno yake yanajulikana: lami ipo karibu, umeme upo, maji yanakuja, unalipa kidogo kidogo. Wakifika wanaoneshwa bikoni zilizozama kwenye majani, wanapiga picha, wanasaini mkataba, na kabla ya magharibi wamesharudi mjini.

Sina neno baya kwa mnunuzi wa kiwanja. Kwa mfanyakazi wa kawaida wa Dar es Salaam ardhi ndiyo akiba anayoiamini kuliko zote, na ana sababu. Ninachokipinga ni kazi ya kuinadi Kibaha kuachiwa dalali peke yake. Uliza kwa nini mtu awekeze huko, utajibiwa kwamba ardhi ni nafuu na Dar ni karibu. Unafuu huo unapungua kila kiwanja kinapouzwa. Ukaribu nao, Mkuranga wanao, Kisarawe wanao, Bagamoyo wanao.

Na watu wameshakuja. Sensa ya 2012 iliikuta Pwani, mkoa wenye Kibaha, na watu 1,098,668. Ya 2022 ikaikuta na 2,024,947. Katika miaka hiyohiyo Dar es Salaam ilitoka 4,364,541 ikafika 5,383,728. Mkoa ambao wengi wetu tunaujua kwa kuupita tukielekea Morogoro umeongeza watu karibu sawasawa na jiji lenyewe. Kibaha Mjini peke yake ilikuwa na watu 128,000 na ushee, sasa wamezidi 265,000. Sehemu kubwa ya wakazi hao wapya wanalala Kibaha na riziki yao iko Kariakoo, Posta au Ubungo. Alfajiri kituo cha Maili Moja kimefurika. Njia nane zilizojengwa kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, zinabeba mzigo wake upande mmoja kwa zamu: asubuhi wa kwenda, jioni wa kurudi. Mji unaoachwa na watu wake wenye nguvu tangu alfajiri hauna wa kumnunulia mama ntilie chakula cha mchana, na fundi cherehani wake anasubiri Jumapili ndipo apate mteja.

Kibaha haikuanza hivyo. Mwaka 1963 Tanganyika ilitia saini mkataba na nchi za Nordiki, ukazaliwa mradi ambao tangu 1970, ulipokabidhiwa kwa serikali yetu, tunaujua kwa jina la Shirika la Elimu Kibaha. Sehemu moja ilipewa shule ya sekondari, huduma ya afya iliyokua hadi ikawa Hospitali ya Tumbi, na mafunzo ya wakulima ambayo yamerithiwa na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Maadui watatu wa zama zile, ujinga, maradhi na umaskini, walipangiwa kukabiliwa kwa pamoja. Viwanda vikafuata. TAMCO palikuwa pakiunganishwa malori ya Scania. Kituo cha daladala cha Tanita kimebaki na jina la kiwanda cha korosho. Abiria kijana anayeshuka hapo leo huenda hajui kwamba anatamka jina la kiwanda.

Hiyo ndiyo sifa ninayotaka itangulie katika kuinadi Kibaha. Ni mji uliopangwa kwa ajili ya kufundisha watu na kuwapa kazi, na kazi hiyo imeanza kurudi. Malori yanaunganishwa tena. Zegereni pana eneo la viwanda, dawa za binadamu zikiwa miongoni mwa bidhaa zake. Kipo kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba na kuzinduliwa 2015. Hapa pana funzo ambalo kila anayepokea wawekezaji angepaswa kulijua. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alipokitembelea, dawa ilikuwa inazalishwa na wanunuzi hawaonekani. Ikabidi aziagize halmashauri zote nchini zikainunue. Nchi inayougua malaria kila mwaka ilikuwa na dawa ya mbu mlangoni mwake na haikuwa na utaratibu wa kuinunua. Kiwanda kinaishi kwa oda. Anayemleta mwekezaji bila kumtafutia soko amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyo rahisi.

Kwala ndiyo nafasi kubwa kuliko zote. Tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua bandari kavu pale, pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa. Kontena linaweza kutoka Bandari ya Dar es Salaam kwa treni, likashughulikiwa Kwala, na lori la Congo au Burundi likalipakia huko bila kuingia kwenye foleni ya jiji. Kando yake kuna kongani ya viwanda. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, unapokelewa Chalinze, jirani kabisa. Ni miji michache katika ukanda huu inayoweza kumwonesha mwenye kiwanda reli, lami, umeme mkubwa na bandari kavu katika safari ya asubuhi moja.

Hata hivyo Kwala iko chini ya halmashauri ya wilaya, yenye makao yake Mlandizi. Zegereni na TAMCO ziko chini ya halmashauri ya mjini. Mwekezaji hajali mpaka huo. Anachotaka ni mtu mmoja wa kumjibu ardhi ipi imepimwa, ina hati, haina mgogoro, na bomba limefika wapi. Halmashauri hizi mbili zikae meza moja, ziwe na orodha moja, na orodha hiyo ibandikwe hadharani ambapo hata muuza kuku wa Mkuza ataisoma. Naye ni mwekezaji. Maonesho yetu yana tabia ya kumsubiri mgeni mwenye mamilioni ya dola, huku mfugaji anayelisha nusu ya baa za Mbezi akizungushwa mwaka mzima kwa kibali cha machinjio madogo.

Nirudi kwenye viwanja, maana ndivyo vinavyoukwamisha mji. Pita mitaa ya ndani ya Pangani au Visiga hapo Kibaha uone: kiwanja kina nyumba, vitano vinavyofuata vina majani. Kimoja kimewekewa msingi wa tofali nne kwenda juu, kingine kibanda kisicho na mlango, na ukutani kumeandikwa kwa rangi nyekundu, ENEO HILI HALIUZWI, OGOPA MATAPELI. Mwenyewe yuko Sinza au Muscat, anasubiri bei. DAWASA ikitaka kumfikishia maji huyo mmoja aliyejenga inalazimika kuyapitisha mbele ya watano wasiolipa bili. Tanesco vilevile na nguzo zake. Gharama hiyo inalipwa na anayeishi pale. Sheria haijakaa kimya: hati hutolewa ikiwa na masharti ya kuendeleza, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu ibatilishwe kwa anayeyavunja. Sipendi kuona mjane akinyang'anywa kiwanja kwa kukosa saruji, na busara itumike kwake. Ila mwenye ekari arobaini zilizolala pembeni ya barabara ya viwanda tangu awamu iliyopita hana udhuru.

Maji yanaumiza zaidi. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, ulijengwa 1959, na baada ya kupanuliwa una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Maji hayo yanapita Kibaha yakielekea Dar es Salaam, na wapo wakazi wa Kibaha wanaonunua dumu. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua tuliingia kwenye mgao, wenye viwanda na wenye nyumba pamoja. Bwawa la Kidunda, la lita bilioni 190, linajengwa ili mto usikauke namna ile tena. Likikamilika, foleni ya kugawiwa isiwasahau wale ambao bomba kubwa linapita kwenye ardhi yao.

Vikao vya bajeti za halmashauri hufanyika mwanzoni mwa mwaka, na madiwani wa Kibaha ndio wenye kalamu. Fedha za mabango ya kukaribisha wawekezaji zihamishiwe kwenye bomba na barabara ya changarawe ya kuingia Zegereni. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kiulizwe mafundi umeme na wachomeleaji wangapi kinaweza kuwatoa kwa mwaka, kisha viwanda viulizwe vinawataka wangapi, na pengo hilo litengewe pesa. Meneja wa kiwanda akifika, apelekwe kwanza kwenye karakana ya chuo akawaone vijana kazini. Bei ya ekari ataiuliza mwenyewe.