Kuomba si Kunyamaza

Wapo Wakristo, na baadhi yao ni viongozi, wanaotuambia kwamba kazi ya Kanisa ni kuomba, na mambo ya haki tuwaachie wanasiasa. Mtu akiuliza kwa nini mjane wa usharika amenyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu mumewe, anajibiwa: "Tumwombee tu, Mungu ataingilia kati." Jibu hilo linasikika kuwa la kiroho. Sisi tunasema halina msingi katika Maandiko wala katika mafundisho ya Kilutheri.

Tuanze na Luka 18. Mwinjili anatangulia kueleza kwamba Yesu alitoa mfano ule ili kuwafundisha wanafunzi kuomba bila kukata tamaa. Je, Bwana alimchagua nani awe mwalimu wa maombi? Alimchagua mjane mwenye kesi, anayekwenda na kurudi kwa kadhi asiyemcha Mungu, akidai haki yake. Wahubiri wengi huuchukua uvumilivu wa mama huyu na kuiacha kesi yake. Lakini bila kesi, alikuwa anavumilia kitu gani?

Tuifungue na Katekisimo. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana haishii kwenye chakula. Ndani ya mkate wa kila siku anahesabu nyumba, shamba, serikali njema, amani na majirani waaminifu. Katika Katekisimo Kubwa anaongeza kwamba ingefaa nembo ya mtawala mcha Mungu iwe na mkate badala ya simba. Basi kila Jumapili mjane yule anapoomba mkate, anaomba shamba lake. Na shemeji yake aliyetia sahihi muhtasari wa kikao cha ukoo ili anyang'anywe, ameketi benchi la nyuma na kuomba mkate uleule.

Sheria ya nchi haina utata hapa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Mzee wa kanisa anayelijua hilo, akaketi kimya katika kikao cha ukoo, kisha jioni akaongoza maombi kwa ajili ya wajane, na asome Isaya 1. Pale Mungu anakataa kuyasikiliza maombi mengi ya watu wake, na papo hapo anawaagiza wamtetee mjane.

Wanaotupinga wana hoja moja ya kuheshimiwa: wanaogopa Kanisa lisigeuke chama cha siasa. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni kuomba zaidi, si kunyamaza. Tutazame Leipzig, mji ambao misheni yake ilileta Injili ya Kilutheri Kilimanjaro mwaka 1893. Katika Kanisa la Mtakatifu Nikolao, tangu mwaka 1982, watu walikusanyika kila Jumatatu kuombea amani. Tarehe 9 Oktoba 1989, huku serikali ya Ujerumani Mashariki ikiwa imejaza askari mjini, waombaji walitoka ibadani na kuungana na umati wa watu wapatao 70,000, wengine wakiwa na mishumaa mikononi. Damu haikumwagika. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Miaka saba ya maombi ndiyo iliyowaandaa watu wale kudai haki bila kushika mawe.

Kwa hiyo tunawaambia wachungaji na wazee wa kanisa: mkishamwombea mjane, mwulizeni kesi yake itasikilizwa lini, na siku hiyo mwende naye barazani. Mkirudi bila hukumu, ombeni tena, mwende tena. Hivyo ndivyo Bwana alivyotufundisha kuomba.