Saa ya kula bukari, nani amebaki?



Mwezi huu tutaongea juu ya jambo linaloonekana kuwa dogo sana: kwenda kula na wenzetu wa kazi saa sita ya midi. Mwingine atasema: «Pasta, hata ile nayo ni ya kuandika mu gazeti ya kanisa?» Ndiyo, nayo. Mahali mtu anapokula, watu anaokula nao, na mtu anayemwacha nyuma, vinaonyesha moyo wake kupita ushuhuda anaotoa siku ya Mungu.

Wote tunajua namna inavyokuwa. Iwe Kolwezi, iwe Likasi, Fungurume ao Lubumbashi, saa sita ikifika watu wanatoka ku kazi kwa vikundi. Wanavuka barabara, wanaingia mu malewa. Mama amekwisha kusonga bukari, sufuria ziko juu ya makala: sombe, lengalenga, maharagi, samaki. Siku mshahara umetoka, watu wanaenda mbele kidogo kwenye michopo. Benchi ni moja, maji ya kunawa ni ndoo moja. Shefu na kibarua wanaweka mkono mu pilipili moja. Watu wanacheka, wanapashana habari za kazi na za watoto. Ni jambo nzuri. Simkatazi mtu. Bwana Yesu mwenyewe alikula sana kwa watu, hata adui zake wakamsema vibaya juu ya hiyo (Luka 7:34).

Lakini tukumbuke mahali tunapotoka. Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines iliyochukua nafasi yake tangu 1967, mfanyakazi alipewa mshahara na posho. Unga ulipimwa kwa kufuata hesabu ya watu wa nyumba yake. Miaka ya 1990 kazi ikaanguka, mishahara ikakawia. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa ile njia iliyoitwa «départ volontaire». Kisha sheria ya madini ya 2002 kompani zingine nyingi zimeingia, na vijana wetu wengi leo wanafanya kwa kompani ndogo zinazopewa kazi na zile kubwa, kwa kontra ya miezi michache, mbali na nyumba. Falanga inaingia mfukoni mwa baba, na saa sita inaanza kutoka mfukoni mwa baba. Zamani posho ilijua hesabu ya watoto. Sahani ya malewa haiijui. Ni wewe baba unayepashwa kuijua.

Sasa nisimulie jambo lililotokea karibu nami.

Kuko atelie moja ambamo watu saba wanafanya kazi. Wawili kati yao ni wa kanisa letu. Walikuwa na desturi ya kwenda kula pamoja kwa mama mmoja, naye ni mama wa kanisa. Kila siku ya tano walikuwa na zamu: leo huyu analipa kwa wote saba, juma linalofuata mwingine. Ilikuwa furaha. Aliyelipa alipigiwa makofi.

Mu kikundi kile kulikuwa kijana mmoja, fundi wa kuunga vyuma, mwenye mke na watoto wawili. Zamu yake ilipokaribia, akaanza kubaki. Wenzake wakimwita: «Twende tukakule!», anajibu: «Miye nilikula asubui, mwende tu.» Siku ya kwanza walimwamini. Siku ya pili vilevile. Juma la pili wakaanza kusema: «Ule anajiona. Anaogopa zamu yake. Anataka kula ya wengine, yake hapana.» Juma la tatu hawakumwita tena.

Na mimi mchungaji wenu niseme kosa langu. Siku moja nilipita pale saa sita. Wakaniita, nikakaa, nikaombea chakula. Kwa mbali nilimwona yule kijana ameketi peke yake kwenye mlango wa atelie. Nilimwinulia mkono kumsalimu, naye akainua wake. Kisha nikakula samaki yangu. Sikuuliza neno. Nilibariki meza, na mtu mwenye njaa alikuwa hatua makumi tatu kutoka meza ile.

Kisha siku chache, kijana alikuwa juu ya ngazi, kizunguzungu kikamshika. Mwenzake aliyekuwa chini akamkamata kwa mkanda, la sivyo tungekuwa tunaongea habari nyingine leo. Jioni ile mama wa malewa alikuja nyumbani kwangu. Akasema: «Baba Pasta, ule kijana haiko na kiburi. Falanga njo hana. Bibi yake alizaa na kupasuliwa, iko analipa deni ya lopitalo kidogo kidogo. Asubui anaachia batoto chakula, yeye anatoka na maji tu.» Nikamwuliza: «Na wewe ulijua tangu lini?» Akajibu: «Nilijua. Lakini nilingojea bale banaume ba kanisa baulize.»

Neno lile lilinichoma. Tufungue sasa Kitabu cha Ruta, sura ya 2. Watu wengi wanaipenda habari ile kwa sababu ya ndoa, lakini mule katikati, katika mstari wa 14, kuko chakula cha midi cha watu wa kazi. Boazi ni bwana wa shamba, wavunaji wake wameketi kula. Ruta ni mgeni, mwanamke wa Moabu, mjane. Yeye si mfanyakazi wa mshahara; anaokota masazo tu nyuma ya wavunaji. Mtu wa namna ile haki yake ilikuwa kukaa mbali. Tuangalie mambo matatu.

1. Boazi alimwita. Hakungojea Ruta ajiombee nafasi. Mwenye njaa mara nyingi ana haya kuliko njaa. Atasema amekula, atasema tumbo linamuuma, atajifanya ana kazi ya kumaliza. Kama mwenzako anasema vile siku moja, mwamini. Akisema vile siku tatu, rudi nyuma ukae naye, umwulize polepole, pasipo watu.

2. Boazi hakumhaibisha. Alimpa mkate wa kuchovya katika siki, akampa bisi, na kisha chakula (mistari ya 15 na 16) akawaagiza vijana wake wasimwambie neno la haya, hata waache masuke kwa kusudi ili apate kuokota. Unaona hekima? Alimsaidia kwa njia ya kumwachia heshima yake. Sisi tunasaidia mtu leo, kesho habari iko mu kikundi chote: «Hata mimi njo nilimulisha.» Msaada wa namna ile ni deni kubwa kupita la lopitalo.

3. Ruta alikumbuka nyumba. Alikula akashiba, akabakiza, na jioni akampelekea Naomi, mama mkwe wake (mstari wa 18). Hapa ninawaongelea wababa. Tuseme sahani na kinywaji ni falanga 6.000 kwa siku. Kwa siku 24 za kazi ni falanga 144.000. Je, bibi yako anaijua hesabu hii? Sisemi usikule, mtu wa kazi nzito ni lazima akule. Lakini baba anayekula samaki kila midi, na nyumbani wanakula bukari na chumvi, yule amemsahau Naomi. Hata vijana ambao hawajaoa wako na mama na wadogo wanaotazama njia.

Liko pia jambo la kaye. Mama wa malewa ana kaye ambamo anaandika madeni. «Mama, uniandike, mwisho wa mwezi nitaleta yote.» Mshahara unatoka, na baba anabadilisha njia, anaenda kula kwa mama mwingine. Ndugu, yule mama amenunua unga, mafuta na makala kwa falanga zake. Ameamka mbele ya jogoo. Na yeye ana watoto wa kusomesha. Tunapenda sana kusoma Yakobo 5:4 juu ya matajiri wanaozuia mshahara wa watu wa kazi, na tunawaza shefu wa kompani. Lakini mtu anayekula sahani ya mama na kukimbia, na yeye amezuia mshahara wa mtu wa kazi. Mama yule alinionyesha kaye yake. Majina sikuyasoma, lakini aliniambia kwamba mashemasi wako mule. Tulipe, wapendwa (Waroma 13:8).

Juu ya pombe nitasema kwa kifupi. Mwingine anaona haya kukataa, sababu wote wamekunywa. Wewe unayerudi kwenye mashini, kwenye camion ao kwenye moto wa kuunga vyuma, chupa ile ya midi inaweza kukata mkono wako, tena mkono wa mwenzako asiyekunywa. Agiza munkoyo usiochachuka ao maji, kaa nao, cheka nao. Kukataa chupa si kukataa watu.

Jambo la mwisho ni zito. Mtume Petro alikuwa akikula pamoja na watu wa mataifa kule Antiokia. Watu wa kwao walipofika, akajitenga na meza ile kwa kuwaogopa, hata Barnaba akavutwa. Paulo akamkaripia mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). Angalieni: kosa la Petro lilionekana kwenye meza. Hakuandika barua mbaya, hakuhubiri neno baya. Alihamisha sahani yake tu. Sisi wa Katanga tunajua habari hii. Katika miaka ya 1992 na 1993, kule Likasi na Kolwezi, watu waliofanya kazi pamoja na kuomba pamoja waligawanyika kwa kabila. Jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa, zikangoja gari la moshi kwenye vituo siku nyingi, na watu wakafa. Mambo ya namna ile hayaanzi kwa siku moja. Yanaanza pale watu wa luga moja wanakaa kwenye benchi moja, na wanapokuja wengine wanapunguza sauti. Kijana, ukiona saa sita kwamba kikundi chako ni cha watu wa kwenu tu, simama, hamisha sahani yako. Hamisha kwa njia nzuri, si kama Petro.

Mtauliza: na yule kijana? Nilienda kuongea na mkubwa wa kikundi. Yeye si wa kanisa letu, na kusema kweli alisikia mbio kuliko wale wetu wawili. Kesho yake saa sita hakuhubiri. Alisema tu: «Kuanzia leo hakuna zamu. Kila mutu analipa sahani yake. Na ule anatoka na chakula ku nyumba, anakuja nacho hapa, tunakula pamoja.» Mmoja akawaza kwamba mama wa malewa atakataa watu kuketi na gameli zao. Mama akajibu: «Benchi haikulaka bunga. Mukae.»

Siku ya kwanza watu watatu walikuja na gameli. Kumbe hata wengine wawili zamu ilikuwa inawalemea, walikuwa wanakopa kwa siri ili wapigiwe makofi. Yule kijana sasa anakuja na bukari ya bibi yake, mara zingine ananunua maharagi kidogo tu. Deni ya lopitalo haijaisha, lakini anakula. Na mimi nikipita pale, mbele ya kuombea chakula, ninahesabu kwanza watu.

Wapenzi, kesho saa sita, mbele ya kuvuka barabara, geuka uangalie nyuma. Nani amebaki?

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Baba, mama: je, tunajua pamoja falanga zinazoisha kila mwezi kwa chakula cha midi?
2. Je, kuko deni la jamaa yetu katika kaye ya mama fulani? Tutalilipa lini?
3. Vijana: ku masomo ao ku kazi, ni nani hatumwiti tena? Tangu lini?
4. Someni Ruta 2:8-18. Mu habari hii wewe unafanana na nani: Boazi, wavunaji waliokuwa wakikula tu, ao Ruta?

Sala

Ee Bwana, wewe uliyelisha watu wengi kwa mikate mitano, fungua macho yetu tunapokula. Utupe kuona aliye mlangoni. Uwabariki wamama wanaotupikia, na mikono inayofanya kazi chini ya udongo na juu ya ngazi. Amina.